Warning ya compiler iliyokuwa inagandisha laptop ya mke wangu

Wakuu, habari za mchana. Nipo Kilwa Masoko, natengeneza kompyuta na simu jirani na soko. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mke wangu Zuhura ni mwalimu, anajiendeleza na chuo kwa mtandao. Laptop yake ilikuwa na tabia moja: mtandao ukikatika kidogo tu, inaganda mpaka uizime kwa nguvu.

Na mtandao wa huku mnaujua!

Presentation yake ikakaribia. Akaniambia, "Baba Rama, ikiganda siku hiyo, mimi na wewe tutaongea vizuri."

Jamani, "tutaongea vizuri" ya Zuhura si ya kuchezea.

Bahati nzuri ile mashine inatumia mfumo wa open source, kwa hiyo code ya kernel, kiini chenyewe, iko wazi. Nikaishusha, nikai-compile, yaani nikaipitisha kwenye compiler, programu inayogeuza code kuwa lugha ya mashine. Kwenye driver ya modem, yaani programu inayoiendesha, compiler ikatoa warning, onyo: unauliza kama namba hii ni chini ya sifuri, wakati haiwezi kuwa hasi.

Nikasema kazi nyepesi hii. Nikafuta mstari wa swali hilo, warning ikapotea, nikawatumia watunzaji wa kernel patch, yaani rekebisho langu, kifua mbele. Nikaagiza na pweza wa kujipongeza.

Mama anayesimamia driver ile akajibu kwa upole: "Asante. Umeinyamazisha, lakini ulijua inalalamikia nini?"

Nikamsukuma pweza pembeni.

Nikarudi kusoma taratibu. Kumbe mtandao ukikatika, modem inarudisha namba hasi, yaani "nimeshindwa". Lakini variable, kisanduku cha kuhifadhia namba hiyo, ilikuwa unsigned, haijui hasi, inaigeuza kuwa namba kubwa ya ajabu. Driver inadhani data imefika, inasoma hewa, mashine inaganda.

Nikarudisha ule mstari, nikabadili aina ya variable tu, iwe inayokubali hasi. Nikaweka kernel mpya kwenye laptop, nikachomoa modem makusudi.

Haikuganda!

Nilipiga kelele mpaka muuza mihogo wa jirani akaja mbio, akidhani nimepigwa shoti.

Siku ya presentation mtandao ukakata katikati, kama kawaida yake. Zuhura akatulia, ukarudi, akaendelea alipoishia. Akafaulu.

Patch ya pili wakaikubali, na jina langu limo. Nikamwonyesha Zuhura. Akalisoma, akatabasamu, akasema, "Mbona hawajaandika na Kilwa?"

Nilichojifunza: compiler ikilalamika, msikilize kwanza mwenzio.

Wewe ulishawahi kupuuza warning ikakutoa jasho? Mwaga hapo chini, tucheke pamoja.