Tumbo la Chatu

Kila ninaponusa nyasi zikiungua kule Ndera, hasira hunipanda upya. Chatu yule mwenye mabaka ya kahawia alikuwa amejiviringisha juu ya mayai bondeni, nami nilimtazama kwa siku nyingi kabla ya kumwonyesha mjomba, aliyekuwa amepoteza mbuzi.

“Amemla mbuzi wangu, ameshiba hata kukimbia hawezi,” mjomba akawaambia wenzake. Wakazimwagia nyasi zilizomzunguka mafuta ya taa.

“Mjomba, analalia mayai.”

“Kwani ni kuku?”

Wakacheka, wakawasha. Kisha walimpasua tumbo, wakalikuta tupu. Chatu jike anayelalia hali kitu mpaka mayai yaanguliwe.

Jioni mbuzi alirudi mwenyewe. Mjomba alimkuna shingo, akamwita mtoro, na hakuna aliyerudi bondeni kutazama mayai.