Kusoma Hasira za Watu Tusiowajua

Siku ya kwanza kazini, pale Kibondo, nilikabidhiwa kiti kibovu, kompyuta nzuri, na ujumbe mfupi wa Kiingereza uliosema: hapana, soma maelekezo kwanza. Msimamizi wa ofisi, kijana mpole wa Makere, alisimama nyuma yangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Huyu aliyeandika ana hisia gani?"

"Marahaba. Huyu hana adabu."

"Adabu haimo kwenye orodha, Mwalimu. Chagua iliyomo."

Nikachagua hasira. Nilikuwa na hakika kabisa, maana mtu hata salamu hakutoa.

Ninyi mnaoanza leo mnakuta mashine inafanya sehemu kubwa ya kazi hii. Sisi ndio tulioifundisha. Programu huria ni ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuona ilivyoandikwa na kuirekebisha. Waandishi wake wametawanyika dunia nzima, wengi hawalipwi, na wanajuana kwa maandishi tu. Basi wanagombana. Mtu akidhalilishwa mara mbili tatu anaondoka, na programu aliyokuwa akiitunza inabaki yatima. Waajiri wetu walitaka mashine ya kunusa ugomvi kabla haujawaka, na ili ijifunze, sisi tulisoma ujumbe mmoja mmoja na kuubandika lebo: hasira, furaha, huzuni, woga, shukrani, au bila hisia. Majina yalikuwa yamefutwa, zimebaki namba. Yule wa maelekezo aliitwa Mtu wa Saba, na kwa miaka niliyomsoma sikumwona akimwamkia mtu.

Wakati huo nilikuwa nimeshastaafu ualimu. Nilitoka Tanga binti mdogo, serikali ikanipangia Kibondo, halafu Kasulu, nikafundisha Kiingereza hadi nikaota mvi. Kwa hiyo ofisi ilipohamia Kasulu mjini na kuongeza watu, karibu wote walikuwa wanafunzi wangu. Mimi nikapandishwa kuwa mwamuzi. Kila ujumbe husomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake. Wakitofautiana, mwamuzi anakata shauri. Ni cheo kitamu kwa mtu mwenye mdomo kama mimi. Tatizo ni kwamba hawakutofautiana, nikawa nakunywa chai tu.

Ndipo akaja Mkaguzi wa Ubora kutoka Dar es Salaam, na hakutaka hata soda.

"Watu wakisoma hisia lazima wapishane kidogo," alisema. "Hawa hawapishani. Wananakiliana."

"Hawa nimewafundisha mimi," nikamjibu. "Hawaibi mtihani."

"Basi tutaona. Wakionekana wananakiliana, ofisi hii nafunga."

Akawanyang'anya simu, akawatawanya: mmoja jikoni, mmoja stoo, wengine akawapeleka ukumbi wa kanisa la jirani, kila mmoja pembe yake. Bukuru, mwanafunzi wangu kutoka kijiji cha Titye, alikuwa ameacha kulima akapanga chumba mjini ili watoto wasome karibu. Alinipita mlangoni bila kuinua macho. Mimi nilikaa barazani nikivuta tasbihi yangu.

Majibu yakatoka vilevile. Hawakunakiliana. Nilitaka kupiga vigelegele, lakini Mkaguzi alikuwa amekunja uso zaidi ya asubuhi.

"Hii ni mbaya zaidi," alisema. "Nilidhani nina wasomaji ofisi nzima, kumbe ninaye mmoja. Hawa hawasemi wanachohisi wao. Wanasema ambacho Mwalimu angehisi."

Nilipandwa na hasira, na hasira ilikuwa kubwa kwa sababu alisema kweli. Akaendelea: "Kesho nitasoma ujumbe mmoja mbele ya wote. Mwalimu ataanza kutoa jibu lake. Asipopatikana wa kumpinga, nafunga."

Mtu wa Dar hakujua alichokuwa anaomba. Huku mkubwa anaamkiwa kwa kuinama na kupiga makofi taratibu. Kumpinga mwalimu wako mbele za watu, tena asubuhi, ni jambo la kusimuliwa hadi Nyabibuye kule mbali.

Kesho yake Mkaguzi akasoma. Mwandishi alikuwa Mtu wa Saba, lakini safari hii alianza na salamu. Akawashukuru wenzake mmoja mmoja, hata wale aliogombana nao. Akamuuliza mmoja hali ya mtoto aliyezaliwa.

"Shukrani," nikasema, na niliamini hivyo.

Wakainamisha vichwa. Msimamizi anatazama sakafu.

"Jamani, semeni!" nikafoka. "Mmekatwa ndimi? Nipingeni!"

"Ndiyo, Mwalimu," wakaitikia wote kwa pamoja.

Mkaguzi akafunga kompyuta yake. Hapo Bukuru akainuka. Akainama, akapiga makofi taratibu, akaniamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mwalimu. Unisamehe sana. Mie naona si shukrani. Ni huzuni. Huyu mtu anaaga. Kwetu mtu akihama anapita nyumba kwa nyumba anasalimia, hata kwa yule aliyegombania naye mpaka wa shamba. Anayebaki hasalimii hivyo."

"Una uhakika?"

"Sina, Mwalimu. Ila ndivyo nilivyomsikia."

Sauti nyingine ikatoka nyuma: si huzuni, ni woga. Mwingine akabisha. Mara ofisi nzima ikawa inabishana, na mimi katikati naumia na kufurahi kwa wakati mmoja. Nani alipatia hatukujua, maana mazungumzo tuliyopewa yaliishia pale. Mtu wa Saba hakuandika tena.

Mkaguzi akaniita nje. "Mama, ofisi inabaki. Wewe hapana. Wakikuona tu pale mbele, watarudi kulekule."

Nikachungulia dirishani. Ndani mle kulikuwa na watu wenye watoto wa kusomesha. Nikachukua mkoba wangu.

Sasa nalima mboga nyuma ya nyumba, na mnaponiuliza kazi ile ilinifundisha nini, nawaambia sijui kusoma mioyo na mashine yenu pia haijui. Nilichojifunza ni kumwacha mtu asikie kwa masikio yake, na nilijifunza nikiwa mzee.

Siku niliyoondoka niliwatumia wote ujumbe. Niliwasalimu kwa majina, nikawashukuru, nikaandika kwamba naondoka na moyo mweupe. Halafu nikawaomba waubandike lebo, kila mtu kivyake. Majibu yakaingia mchana kutwa nikichambua maharage: shukrani, furaha, huzuni. Mmoja aliandika bila hisia, nusura nimfuate nyumbani kwake. Wa mwisho alikuwa Bukuru.

"Hasira, Mwalimu. Unisamehe."

Nilifuta macho kwa kanga, nikamwandikia: "Kaa chini. Umepata."