Kiti cha Wazee

Bi Mwatime wa Langley Park alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alikuwa nayo aliposhuka kwenye ndege kutoka Unguja kuja huku ughaibuni, alikuwa nayo nilipohamia jirani yake, na mwaka huo wa tisini na nane alikuwa nayo bado, haijaongezeka hata mmoja. Mimi sikumuuliza. Aliwahi kuulizwa na fundi cherehani wa jengo letu, na mpaka leo hawasalimiani.

Kazi yake ilikuwa kukata mboga katika mkahawa wa Kithai kule Rockville. Kila Aprili mwenye mkahawa, Bi Malee, hufanya Songkran, mwaka mpya wa kwao, kwenye maegesho nyuma ya mkahawa. Yeye hutaka heshima: wazee wanaketi vitini, vijana wanapita mmoja mmoja na bakuli la maji ya maua, wanawamwagia viganjani polepole na kuombewa baraka. Wanawe hutaka ndoo, bunduki za maji na poda ya kupakana usoni. Basi upande mmoja huwa heshima, upande wa pili vita.

Mwaka huo Bi Mwatime alimwalika Taufiq, dereva wa teksi aliyefiwa na mkewe. Tangu baridi ianze Taufiq alikuwa anamzungukazunguka bila kusema neno. Bi Mwatime alimtaka, tena sana, wala hakunificha. Akavaa baibui jipya la hariri, akatia hina na wanja.

"Kwetu Makunduchi mwaka ukigeuka wanaume wanachapana kwa migomba, sie wanawake tunaimba tu," aliniambia njiani. "Mambo ya ndoo mie simo."

Tulipofika akamweleza Bi Malee kwamba hataki kulowa. Bi Malee, kwa wema wake, akamkalisha pakavu, yaani kwenye viti vya wazee.

Alikaa kwa raha zake. Kisha akamwona aliye kando yake, bibi asiye na jino hata moja. Kisha mtu akaja akamfunika blanketi magotini. Uso ukambadilika, nami, Mungu anisamehe, nilicheka hadi nikaegemea gari la watu.

Taufiq naye alikuwa ameshapewa bakuli na kupangwa foleni. Akawa anasogea kwa adabu za msikitini. Akimmwagia viganjani, atakuwa amemwomba baraka kama anavyomwomba bibi yake, na mtu haoi bibi yake. Hapo kicheko kilinikauka.

"Nikutie mkononi, Bi Mwatime?" akauliza.

"Nitie," akasema. "Nami nitakuombea dua upate mke mwema. Mwengine."

 Taufiq akatazama bakuli, akamtazama yeye, akaliweka bakuli chini na kuondoka. Nikajua ndiyo basi. Kumbe alikwenda kwa vijana, akarudi na ndoo yenye vipande vya barafu, akammwagia yote kichwani.

Wanja ukatiririka mpaka kidevuni. Bi Malee akashika mdomo. Bi Mwatime akatupa blanketi, akasimama.

"Sasa kalete posa," akasema, meno yakigongana, akampokonya ndoo akaenda kuijaza.

Bibi asiye na meno akavua shali, akanionyesha ndoo, kisha akanionyesha kichwa chake.

Walioana Juni. Bibi harusi alikuwa na miaka arobaini na mmoja.