Zamu Zetu Nyumbani kwa Mjane

Nilikuwa nachambua maharagwe, binti yangu mdogo amelala kwenye kochi, niliposikia mayowe kutoka kwa jirani. Ilikuwa saa kumi alasiri. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mwanamume. Ya pili ilikuwa ya mke wa jirani, na hiyo ndiyo iliyoniinua kitini. Lakini sikutoka. Nilitia komeo mlangoni, nikamchukua mtoto, nikaketi naye sakafuni nyuma ya kochi. Mume wangu alikuwa amepeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia. Nilijiambia kwamba nikitoka nitauawa, na mtoto atabaki na nani? Nilikaa hapo mpaka nikasikia watu wengi wakipita barabarani wakilia. Ndipo nikatoka, nikajiunga nao kana kwamba nami nilikuwa natoka mbali.

Jirani yetu, mkulima mpole aliyekuwa shemasi kanisani kwetu, alikuwa ameuawa kwa panga na ndugu yake mdogo, mtoto wa mama mmoja. Walikuwa wamegombania mpaka wa shamba tangu baba yao afariki. Mkewe aliinua mkono amkinge, panga likampata kwenye kiganja cha kulia. Yule ndugu hakukimbia. Alikaa kwenye ukingo wa shamba akitazama miguu yake mpaka polisi walipomchukua.

Kwetu ni upande wa Ikonge, na mtu wa huku mkono wake ndio shamba lake. Chai huchumwa kwa mikono miwili. Mama yule alilazwa Kisii, na watoto wake wawili wakachukuliwa na shangazi yao, dada ya baba yao aliyeolewa Mosocho. Sabato iliyofuata, baada ya ibada, kiongozi wa kina mama alituita chini ya paa la jikoni la kanisa. Hakuhubiri. Alisema, "Mazishi tutayasimamia kama kawaida yetu. Mimi nauliza ya baada ya mazishi. Atakaporudi atakuta nini?"

Mmoja wetu akasema lile ambalo wote tulikuwa tukilifikiria: sebule ile ilikuwa bado kama ilivyoachwa.

Nilijitolea kabla ya kuulizwa. Wenzangu walidhani ni wema. Tulikwenda wanne, tukachota maji kisimani, tukasugua sakafu na kuta kwa sabuni na majivu, tukarudia, tukarudia tena. Mlangoni kulikuwa na alama ya panga ambayo sabuni haingeweza kuitoa, basi fundi akaja akabadilisha mlango. Dirisha la sebule ile linatazama moja kwa moja dirisha langu, na kila nilipoinua kichwa niliona pazia langu la kijani na kujiuliza kama na yeye aliliona siku ile.

Aliporudi kutoka hospitali, mkono ukiwa kwenye bendeji, tulianza kwa kumkosea. Watu walimiminika. Kila aliyeingia alikaa, akasali, kisha akauliza, "Ilikuwaje hasa?" Naye akaeleza. Siku ya tatu nilimkuta ameketi huku midomo ikienda bila sauti, bado anaeleza. Muuguzi mmoja aliyekuja kumfunga kidonda, mama wa makamo mwenye maneno machache, alituita nje.

"Msimuulize tena," alisema. "Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, chumeni chai yake. Kaeni karibu. Na asiachwe na watu ishirini leo halafu kesho asiwe na hata mmoja."

Hapo ndipo zamu zilipoanza. Mimi ni mwalimu wa chekechea, alasiri ninakuwa huru, nikapewa Jumatatu na Alhamisi. Wengine walichukua kuni na maji, wengine wakawasindikiza shuleni watoto, waliokuwa wamerudi kutoka kwa shangazi yao, kwa maana mmoja, kijana wa kiume, alikuwa akikataa kupita penye ukingo ule wa shamba. Wanaume nao walipatana jambo ambalo sijaliona mahali pengine: hakuna atakayepita mbele ya nyumba ile na panga wazi. Ukienda kupogoa chai, unalifunga kwenye gunia. Siku moja mzee mmoja alisahau. Mama yule alimwona kutoka shambani, akajilaza chini kati ya michai, na ilinibidi nilale ubavuni pake kwa muda mrefu, tope likiingia kwenye sketi yangu, ndipo akapata pumzi. Yule mzee alikuja kesho yake kuomba msamaha, kofia mkononi.

Kila Jumatatu na Alhamisi nilikwenda nikiwa na hofu. Akiniita, "Mwalimu," nilidhani leo ataniuliza: siku ile ulikuwa wapi? Badala yake alikuwa anataka nimfungie kitambaa, au anataka kujua kama mtoto wake amekula.

Kulikuwa na mtu mwingine ambaye hatukumpangia zamu za kumhudumia. Mama mkwe wa mjane, nyanya wa watoto wale, ambaye kwetu huitwa magokoro, aliishi nyumba ya chini ya boma hilohilo. Wana wake wote wawili walikuwa wameondoka siku moja, mmoja kaburini, mmoja rumande. Hakuna aliyekwenda kwake. Tuliogopa kwamba tukimpikia mama wa muuaji tutaonekana tumechagua upande. Lakini kwa siku mbili sikuona moshi jikoni kwake, na sikulala. Nikamuuliza mjane mwenyewe.

Alitazama ile nyumba ya chini. Kisha akasema, "Mpelekee uji. Usiniletee maneno yake."

Nikapeleka uji wa wimbi. Kikongwe yule alikunywa akiwa amenishika mkono, hakusema lolote la kupelekwa. Tangu siku hiyo naye akawa na zamu zake.

Kisha mpelelezi akaja kutafuta mashahidi. Nyumba baada ya nyumba watu walisema hawakuwepo. Mume wangu aliniambia, "Hawa ni familia moja. Kesho watapatana, na wewe utabaki adui wa wote." Ni kweli watu wa upande wa mshtakiwa walikuwa wameanza kutuangalia vibaya sokoni. Lakini nilikuwa nimesikia maneno, si mayowe tu. Nilimsikia ndugu yule akisema, kabla ya pigo la kwanza, "Leo ndiyo leo, nilikuambia nitakuja." Wakili wake alikuwa akisema ulikuwa ugomvi uliozuka ghafla. Ili niseme nilichosikia, ilinibidi niseme nilipokuwa.

Sikutaka mjane alisikie jambo hilo mahakamani kwanza. Alhamisi moja, vikapu vikiwa nusu, nilimwambia, "Dada, siku ile nilikuwa nyumbani. Nilisikia. Nikafunga mlango."

Hakulia. Aliendelea kuchuma kwa mkono wa kushoto, jani moja moja. "Nilijua," alisema. "Viatu vyako vilikuwa nje kwenye ngazi."

"Nisamehe."

"Usije Jumatatu," akasema. "Usije kwa sasa."

Wiki hizo nilishindwa kula vizuri. Kiongozi wa kina mama aliweka mtu mwingine kwenye zamu zangu bila kuuliza sababu, na nilimwona mwenzangu akipita kila Alhamisi na kikapu mgongoni. Nilibaki na uji wa magokoro. Hata hivyo niliandikisha taarifa kwa mpelelezi.

Siku ya kesi tulikwenda Nyamira kina mama kumi na wawili. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mjane hataingia mahakamani peke yake hata siku moja, iwe kesi imesikizwa au imeahirishwa. Mimi nilitangulia na mashahidi wengine, polisi na daktari, kwa hiyo sikumwona mpaka nilipoitwa kizimbani. Alikuwa amekwisha kutoa ushahidi wake, ameketi safu ya pili, amebanwa kati ya kina mama wawili wanene. Nilisema niliyoyasikia. Wakili wa mshtakiwa akainuka.

"Shahidi, ulisikia yote hayo umbali wa hatua chache. Kwa nini hukutoka?"

"Niliogopa," nilisema.

"Uliogopa, au hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Niliogopa. Hata mjane mwenyewe nimemwambia."

Jaji akaandika. Mshtakiwa alikuwa akitazama miguu yake.

Hukumu ilichukua miezi mingi kuja, na ilipokuja alipatikana na hatia ya mauaji na kufungwa. Hakuna aliyeshangilia. Magokoro alikuwa amebaki nyumbani. Kiongozi wa kina mama ndiye aliyekwenda kumpa habari, na alikaa naye mpaka jioni.

Siku chache baadaye mjane alinikuta kisimani. Tulisalimiana. Alitazama ndoo yangu, akasema, "Majani yameota sana kule chini. Alhamisi una kazi?"

"Sina."

"Basi njoo."

Nilikwenda, na bado nakwenda. Hatujawahi kulizungumzia tena, na sidhani kwamba amenisamehe kwa namna niliyoitaka. Siku nyingine tunacheka. Siku nyingine ananijibu kwa neno moja, nami najua ni kwa nini, naendelea kuchuma. Vidole vyake viwili havijawahi kukunjika vizuri tena, kwa hiyo zamu hazijaisha, ingawa watu wamepungua na kiongozi wetu hulazimika kukumbusha kila Sabato. Mwezi uliopita aliuliza ni nani atakayechukua Jumanne. Ilibidi aulize mara ya pili. Kisha mke wa yule mzee aliyesahau kufunga panga lake akainua mkono.