Mtoto Asiyeugua

Kibaoni walimwogopa Marsela kwa kosa moja: hakuugua. Masika, mbu walipojaa kwenye majaruba ya mpunga, watoto wenzake walilala mikekani wakitetemeka. Yeye homa ilimshika jioni, asubuhi yuko kisimani anachota maji.

Ndugu zake wawili walikufa. Damiano alishikwa na degedege, na bibi yao Theopista akakataza zahanati, kwa kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano, eti, haamki. Wakamfukiza kwa moshi wa kinyesi cha tembo mpaka akakata roho. Telesphor alivimba vidole, macho yakawa njano, akalia mifupa inamuuma hadi akachoka kulia.

Bibi akamgeukia mkwewe Josefina, mjamzito. "Mama Damiano, huyu Marsela anakula wenzake. Ukitaka wa tumboni aishi, huyu aondoke."

Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee, lakini Theopista aliwasikiliza wahenga pale walipomfaa tu. Josefina, Mungu amsamehe, alikubali. Akampeleka binti wa miaka saba porini kwa Manyanda, mfugaji wa Kisukuma, akachunge ndama. Wala hakumdanganya. "Unakula ndugu zako," alimwambia. "Kaa huku."

Anselmo akazaliwa. Homa ilipompanda, Josefina hakungoja moshi wa mtu. Alidandia lori la mpunga hadi hospitali ya Mpanda, mtoto akapona. Daktari alipima damu yake na ya mtoto, akauliza habari za wale wengine, naye Josefina akamweleza yote.

"Wewe na mumeo mna kasoro moja ya damu, kila mmoja nusu," akasema. "Telesphor aliichukua kwenu wote wawili, ikamuua. Damiano, nadhani, hakuichukua kabisa, kama huyu mdogo, kwa hiyo malaria ilimkuta hana ngao. Marsela lazima aliichukua kwa mmoja wenu tu. Hiyo ndiyo inayomkinga. Hajala mtu, mama."

Josefina alilia njia nzima. Hakupita nyumbani; alikwenda moja kwa moja kwa Manyanda. Marsela alikuwa zizini, amekonda, miguu imejaa samadi.

"Mwanangu, twende nyumbani. Hukuwa wewe. Mshike mdogo wako."

Mtoto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye miiba ya zizi. Akaficha mikono.

"Mwondoe, mama," alisema. "Sijala tangu asubuhi. Nitamla."