Kilo Kumi na Tano za Kila Mtu

Mwaka ule ndege ziliongezeka haraka kuliko marubani. Watalii walimiminika Ngorongoro, kampuni yetu ikanunua ndege mpya kabla hatujazizoea za zamani, na mimi, binti wa wakulima wa maharage ya ngwara na mbaazi wa Endabash, nikajikuta rubani msaidizi, bado niko kwenye miezi ya majaribio. Tulitua viwanja sita kwa siku na kula huku tunatembea. Nilikuwa na furaha ya kichaa, nakiri. Kila nilipovaa shati lile jeupe nilijicheka kwenye kioo.

Nilipopangiwa kutua kiwanja cha karibu na nyumbani, juu ya bonde la ufa, nilimpigia mama simu. Katika maswali yake mengi akauliza habari za mizigo. Nikajibu bila kufikiri, "Kila mtu anaruhusiwa kilo kumi na tano, mama."

Tulitua saa saba mchana, jua linawaka. Kwenye uzio walinisubiri watu kumi na mmoja: mama, mashangazi, majirani na mwalimu wangu wa kwaya, wote na nguo za kanisani, kila mmoja na kifurushi. Nilidhani ni chakula chao cha njiani. Wakanikumbatia mpaka kofia ikadondoka, kisha nikakimbilia karatasi ya uzito, maana tulikuwa tumechelewa. Abiria tisa na mizigo yao, yote imepimwa. Nikasaini.

Kapteni akawasha injini. Nikawapungia watu wangu, nao wakanipungia, wote kumi na mmoja, kwa mikono miwili.

Mikono miwili! Vifurushi viko wapi?

Nikatazama chini ya uzio: hakuna hata kimoja. Kiwanja kile ni kifupi, kiko juu, na joto la mchana huinyima ndege nguvu. Uzito ule usioandikwa ungeweza kutumaliza mwisho wa njia. Lakini kusema ni kukiri kwamba nimesaini karatasi ya uongo, na mtu wa majaribio hufukuzwa kwa madogo kuliko hayo. Kapteni alikuwa na viwanja vitatu mbele yake na uso wa mtu asiyetaka kusikia neno.

"Kapteni, naomba uzime."

"Kuna nini?"

"Mama yangu amepakia mizigo."

Akanitazama. Akazima.

Tukafungua sehemu ya mizigo. Ngwara, mbaazi, mahindi, vitunguu vya Baray, dumu la asali, na jogoo hai aliyeongezwa ili kifurushi cha shangazi kitimie. Kila mzigo ulikuwa kilo kumi na tano kamili, umepimwa kwenye mizani ya dukani Karatu. Mpakiaji, baba mtu mzima anayesali na mama, alisema alishindwa kumkatalia.

"Mama, kilo zile ni za abiria!"

"Ulisema kila mtu. Sisi si watu?"

Kapteni alicheka mpaka akashika bawa. Nami nikacheka huku machozi yananitoka, nikishusha vifurushi mbele ya watalii wenye simu zao, jogoo akiwika kwapani mwangu. Mama tu ndiye hakucheka. Kwetu mtoto haondoki nyumbani mikono mitupu, na mimi namrudishia zawadi hadharani. Niliona aibu hadi miguuni.

"Nisamehe, mama. Haviwezi kupanda."

"Ndege ilikuwa inanguruma," akasema taratibu. "Nani ameizima?"

"Kapteni. Mimi nilimwambia."

"Wewe? Na akakusikia?"

Akapiga vigelegele, na wale kumi wakampokea.

Jioni niliandika kosa langu mwenyewe kwenye ripoti. Niliitwa ofisini, nikafokewa vizuri, nikabaki kazini.

Endabash nzima inajua narusha ndege, lakini mama hasimulii hilo. Anasimulia siku binti yake alipoizuia isiruke, na akifika hapo huinua mikono yake yote miwili, mitupu.