Vigelegele vya Bao la Tatu

Kanga ya bibi bado inanuka tumbaku, ingawa nimeshaifua mara mbili. Nimejifunga kiunoni huku nikiandika upya barua ya kuomba kazi baada ya kukataliwa tena, na harufu inanirudisha uwanjani.

Tulitoka Usoke kwa treni, mimi na bibi, kwenda Tabora mjini kutazama mpira. Kabla ya mapumziko tulikuwa tumeshafungwa matatu. Kipa wetu, kijana wa kijijini kwetu, aliketi chini golini akajifunika uso kwa glavu. Watu wakaanza kuondoka.

Bibi akasimama akapiga vigelegele, virefu, kama vya harusini.

"Bibi, tumefungwa sisi!" akasema mwanamume wa mbele yetu, wenzake wakiangua kicheko. "Umechanganya goli!"

"Macho ninayo, mwanangu."

"Si ungebaki nyumbani na redio yako?"

"Redioni namsikia mtangazaji tu. Yule mtoto pale atanisikiaje?"

Nilihesabu watu waliokuwa wakitutazama. Nikamvuta kanga. "Bibi, tuondoke, treni itatuacha."

"Tangulia wewe."

Akapiga tena, lakini kikohozi kikamkaba, akalazimika kuketi. Kipa alikuwa bado chini. Nikapanda juu ya benchi, nikapiga kigelegele changu. Kilitoka chembamba, kikakatika katikati, na wale wanaume wote wakanigeukia mimi.

Nikapiga tena, na tena, mpaka kipa akasimama.